Tuigeuzie Hori Nyuso Zetu

Karibu wewe uliye kwenye feri ukivuka kutoka Likoni, wewe uliyekwama ndani ya matatu pale Kibarani, na wewe mama wa Mishomoroni unayekaanga mahamri huku redio i kando yako.

Leo naanza na ombi dogo. Ukipata nafasi, toka nje uitazame nyumba yako. Kama unakaa Mikindani, Jomvu Kuu, Junda, Mtongwe au Port Reitz, hori haiko mbali nawe. Sasa angalia: nyumba imeelekea wapi? Mlango mkubwa waelekea barabarani. Baraza, vivyo hivyo. Upande wa maji tumeweka nini? Tumeweka choo. Tumeweka karo la kuoshea vyombo. Tumeweka jaa la taka. Mtaa mzima umeketi umetazama lami, na hori imepewa kisogo.

Msikilizaji wa bara huenda akauliza hori ni kitu gani. Hori ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu, ukajaa na kupwa kama bahari yenyewe. Sisi wa Mombasa tumezungukwa na mikono hiyo. Hori ya Tudor yapita kati ya Kisauni na kisiwa, ikapanda hadi Mikindani na Jomvu, huko inakopokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Upande wa pili ipo Port Reitz, nayo yaingia ndani hadi Mwache, Changamwe ikiwa upande mmoja, Likoni na Dongo Kundu upande wa pili. Kaskazini kabisa ipo hori ya Mtwapa, inayotutenga na Kilifi. Na kote huko, pale maji ya chumvi yanapokutana na tope, ndipo inaposimama mikoko.

Watu wengi wakisikia neno ardhi oevu hufikiria Ziwa Nakuru na heroe wake, au Naivasha na viboko wake. Kweli, hizo ni ardhi oevu zenye sifa duniani. Lakini ule mkataba wa kimataifa uliotiwa saini mjini Ramsar, nchini Iran, mwaka 1971, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1990, unahesabu pia maji ya bahari ambayo kina chake hakizidi mita 6 maji yanapokupwa. Mikoko imo, na uwanda wa tope umo. Kwa maana hiyo, ndugu yangu wa Mikindani, huna haja ya kupanda basi kwenda kutazama ardhi oevu. Unayo nyuma ya jiko lako.

Na wazee wetu walijua walichokuwa nacho. Leo sisi twasema mikoko kwa jumla, kana kwamba ni mti mmoja. Nchini Kenya ziko aina 9, na kila moja ilikuwa na jina lake na kazi yake. Mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyotanuka kama miguu ya buibui, ulitoa boriti. Mkandaa nao ulitoa miti ya kujengea, na gamba lake likatumiwa kutia rangi na kusindika ngozi. Mlilana, unaosimama mbele kabisa ukipigwa na mawimbi, ulitoa mataruma ya vyombo, na mizizi yake myepesi ilichongwa ikawa maboya ya nyavu. Kuna muia, kuna mkomafi, na kuna mchu, unaovumilia chumvi kuliko wenzake wote, hata ukilitazama jani lake utaona punje za chumvi zimeganda juu. Hata unene wa mti ulikuwa na lugha yake: fito, pau, boriti, nguzo. Miti hii ilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, ikaezeka nyumba za watu ambao hawajawahi kuuona mkoko umesimama. Na hapa kwetu, upana wa chumba cha nyumba ya mawe uliamuliwa na urefu wa boriti. Fundi hakuweza kupita pale boriti ilipokomea.

Nayataja majina haya kwa makusudi. Mtu asiyejua jina la kitu hawezi kuona kimepungua. Ukikatwa mkomafi wa mwisho mtaani, yeye ataona mikoko bado ipo. Huko ndiko kupewa kisogo kwenyewe: kwanza jina linasahauliwa, kisha mti unaondoka bila mtu kuulizia.

Na imeondoka, wasikilizaji. Watafiti waliopima misitu hii walipata kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009 Hori ya Tudor ilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake, na Mwache asilimia 45.4. Hii si hasara ya karne nzima. Ni miaka 17, umri wa mtoto anayemaliza sekondari. Mtoto aliyezaliwa Jomvu mwanzo wa hesabu hiyo alikulia ukingoni mwa msitu, na kufikia siku ya kukata kitambulisho alikuwa anatazama visiki.

Sababu ni nyingi na zote tunazifahamu. Kuni za jikoni. Kuni za mapipa ya chang'aa yanayochemshwa ndani ya msitu wenyewe, mbali na macho ya askari. Miti ya kujengea vibanda, kwa sababu mji ulifurika watu na mabati peke yake hayasimami. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka mashamba ya juu, ukafukia mizizi ya kupumulia kule Mwache, na miti ikafa wima. Mafuta nayo yalimwagika, Makupa mwaka 1988 na Port Reitz mwaka 2005. Mkoko huvuta hewa kupitia mizizi iliyo nje ya tope. Ukiipaka mafuta, ni sawa na kumziba mtu pua na mdomo.

Lakini sikuja kuomboleza. Nimekuja kuwasimulia watu walioamua kugeuka.

Katika mitaa hii kuna vikundi vya kujitolea: vya vijana, vya kina mama, vya wavuvi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe. Kundi la Big Ship ni mojawapo ya yaliyojulikana kwa kurudisha mikoko katika Hori ya Tudor, lakini yapo mengine mengi ambayo hamtayasikia yakitajwa. Wengi wa watu hawa hawana mshahara kwa kazi hii. Wana mabuti ya mpira, magunia, na ratiba isiyofuata saa ya ukutani. Wao hufuata mwezi.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua, na mvuvi yeyote wa Mombasa atakwambia tabia ya bamvua ya kwetu: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na hujaa sana mnamo saa kumi alasiri. Basi saa nne ya bamvua ndiyo saa ya kazi. Tope liko wazi, mizizi yaonekana, na taka pia. Kabla ya mche hata mmoja kutiwa ardhini, watu huinama kuokota. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, ile iliyokuwa ikining'inia kwenye matawi kama nguo zilizoanikwa imepungua. Zilizobaki ni chupa, daipa, kandambili na vipande vya nyavu. Taka hizi zina madhara zaidi ya kuchukiza macho. Mche mchanga ukilaliwa na daipa iliyolowa, hauinuki tena. Na jaa huwalisha kunguru, yule ndege mgeni aliyetoka Bara Hindi akaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na kufika Mombasa katika miaka ya 1940. Kunguru akishiba jaani huongezeka, na akiongezeka hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hiyo anayezoa taka ukingoni mwa hori, hata kama hajui, analinda viota.

Kisha huja kupanda. Mbegu ya mkoko ni ajabu ya Mwenyezi Mungu. Haisubiri kuanguka ndipo iote. Huota ikiwa bado imeshikwa na mama yake, ikarefuka kama mshumaa wa kijani, na siku ikikomaa hujiachia. Ikikuta tope, husimama. Ikikuta maji, huelea hadi ipate tope pengine. Wenye vikundi huziokota, wakazipanda moja kwa moja au wakazilea kwanza kitaluni, kwenye vifuko vya udongo vinavyooshwa na maji ya bahari kila siku.

Ukiwasikiliza waliokaa kazini miaka mingi, watakueleza pia makosa waliyojifunza kwayo. Kosa la kwanza ni kupanda mti mahali pasipo pake. Mlilana hutaka mbele, mkoko hufuata nyuma yake, mkandaa hutaka juu zaidi, na mchu huvumilia hata kule nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Ukipanda mkoko mahali pa mkandaa, utakuwa umeuua kwa mikono yako. Kosa la pili ni kuhesabu miche iliyopandwa badala ya miche iliyopona. Kila tarehe 26 Julai, Siku ya Mikoko Duniani, wageni huja wengi, mashati meupe huchafuka, picha hupigwa, na idadi kubwa hutangazwa. Ni jambo jema, na wageni wakaribishwe. Lakini mche hautunzwi na sherehe. Hutunzwa na yule kijana anayerudi bamvua ya Agosti, ya Septemba na ya Oktoba, akahesabu iliyokufa, akaondoa mwani ulioizonga iliyo hai, akaziba mapengo. Wahenga wana msemo wa jambo lililo mwanzoni tu: mkoko ndio kwanza unaalika maua. Kwa hawa wenzetu, siku ya kupanda ndiyo siku ya msemo huo.

Kosa la tatu ndilo linalonigusa zaidi, na ndilo linalonifikisha kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Ni kudhani kwamba kila tope tupu ni shamba linalosubiri miche. Sivyo. Lile tope lililo wazi mbele ya msitu, linalofunikwa na kufunuliwa kila siku, ni sahani. Ndani yake wamo minyoo, kamba wadogo na kombe. Ukilijaza miti, kwanza miti yenyewe itakufa kwa kuzama, na pili utakuwa umewapokonya chakula wageni waliosafiri kutoka mbali.

Na wageni wenyewe ni nani? Nenda ukingoni mwa hori katika miezi ya kaskazi, maji yakianza kupwa, ukae kimya. Utamwona sululu, ndege wa rangi ya udongo, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Jina lake na la kile chombo cha kuchimbia ni moja, na ukimtazama akichokoa tope utaelewa kwa nini. Sululu huyu hakuzaliwa hapa. Alitagwa huko kaskazini ya mbali, katika nyika baridi za Urusi, akavuka milima, jangwa na bahari. Yeye na wenziwe wadogo wanaokimbia kimbia mbele ya maji huwa nasi wakati wa joto letu, na kusi inapoingia mwezi wa Aprili wengi wao wameshaondoka. Wazee walizoea majahazi ya Arabuni yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Majahazi hayaji tena kama zamani. Ndege wangali wanakuja, na bandari yao ni lile tope la nyuma ya nyumba yako.

Pamoja nao wako wenyeji. Yuko yangeyange mweupe pe, anayetembea kwa madaha kama bibi harusi. Yuko kulastara aliyesimama kwa mguu mmoja akisubiri dagaa. Yuko mdiria, rangi yake kali, akitumbukia majini mara moja tu. Na chini, kwenye tope, wako wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wanaolipunga hewani kama watu wanaoitana kutoka mbali. Ukikanyaga kwa kishindo, wote huingia mashimoni kwa pamoja. Ukitulia kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, hutoka tena mmoja mmoja.

Niliwahi kufuatana na kikundi kimoja upande wa Jomvu, kazi ikaisha, magunia yakafungwa, nikadhani watu sasa watakwenda zao. Hawakuondoka. Waliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakagawana viazi karai na maji, wakatazama maji yakirudi. Vijana walikuwa wakibishana ndege yule ni nani, mwingine akachora mdomo wake kwenye daftari. Mzee mmoja akawapa jina la mti ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni. Hakuna aliyewalipa kwa saa ile. Nilielewa siku hiyo kwamba kule kuketi kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, tena sehemu inayoishikilia ile nyingine. Mtu hawezi kuinama topeni miaka 10 kwa ajili ya mahali asipopapenda, na hawezi kupapenda mahali ambapo hajawahi kuketi.

Ndiyo maana nasema: kufurahia hori si anasa inayokuja baada ya kazi kwisha. Ndiko kugeuza uso. Aliyezoea kuketi ukingoni jioni ataona siku ya kwanza maji yanapobadilika rangi, na atasikia shoka la kwanza usiku, naye atasema. Aliyeipa kisogo atagundua baada ya miaka 17.

Tuna mfano hapo jirani. Ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya Lunga Lunga, utafika Gazi, Kwale. Pale kina mama walijenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kidogo ili atembee juu yake na aone kaa wakipanda miti. Tangu mwaka 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi wao, Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu huo. Fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Nautaja kwa sababu watu wa Gazi hawakutakiwa wachague kati ya kuupenda msitu na kula. Waliuelekea, nao ukawapa.

Nasi wa bara ya Mombasa tumeshaanza kuona maji yakipata njia. Pale Makupa, tuta la barabara na reli lilikuwa limeziba hori kwa miaka mingi, maji yakawa yamelala. Daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022, yalipata tena kupita. Jaa la Kibarani, lililokuwa likituunguza pua kila tukiingia kisiwani, lilifungwa na pakapandwa miti. Kama mahali pale palipokata tamaa panaweza kupumua, basi Junda inaweza, na Mtongwe inaweza.

Hata hivyo, haki isemwe. Kuna mzigo ambao mtu wa kujitolea hawezi kuubeba. Gunia halizoi maji taka. Maji ya vyoo yanayotiririka kutoka mitaani hadi kwenye mikoko bila kusafishwa yanahitaji mabomba, mitambo na bajeti, na hiyo ni kazi ya serikali ya kaunti na ya taifa. Meli inayomwaga mafuta haizuiliwi na mama mwenye jembe. Kijana anayemkuta mkata miti usiku hana silaha wala bima, wala haifai awe nazo. Anahitaji askari wa misitu atakayepokea simu na kufika. Tukiwasifu watu hawa kwa maneno kisha tukawaachia kila kitu, tutakuwa tumewatumia. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaipa jamii nafasi ya kuunda vyama na kusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu. Vyama hivyo visajiliwe, visikizwe, na vipewe ramani kabla ya kiwanja chochote cha ukingoni kugawiwa.

Wewe msikilizaji uliye nyumbani, una yako. Tafuta kikundi cha mtaani kwenu, kipo. Waulize watatoka lini, nao watakutajia siku ya mwezi. Nenda na mtoto, umwoneshe mche, umwambie jina lake. Kila Januari, watu wa kujitolea kote nchini huhesabu ndege wa majini kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa. Mtoto wa Mikindani anayejua kumtenga sululu na yangeyange anaweza siku moja kushika daftari hilo, na hesabu yake ikaenda kusomwa na wanaofuatilia ndege haohao huko walikotoka.

Na kama mabuti huna, na mgongo hauruhusu tena kuinama, kuna jambo moja ambalo halihitaji pesa wala nguvu. Jioni ya leo, jua likianza kulegea, chukua kigoda chako pale barazani unapokaa kila siku kutazama matatu zikipita. Kibebe, uzunguke nyumba, ukiweke upande wa pili. Ukae, uyatazame maji.